Mama kabadilishwa goti, kapewa aspirini. Mwenzake wodi ile ile kapewa sindano siku 14. Nani kakosewa?

#1 MgetaJuu (mleta mada)

Habari za jioni wakuu, niende moja kwa moja.

Bi mkubwa wangu ana miaka 67. Kabadilishwa goti la kulia wiki iliyopita, leo siku ya tisa. Goti lilishasagika, mfupa juu ya mfupa, ngazi alikuwa anashuka kinyumenyume. Operesheni imeenda vizuri, kesho yake tu wakamsimamisha na fremu akapiga hatua sita.

Wodini alichomwa sindano ya tumboni ya kuzuia damu isigande mguuni, kila jioni, siku nne. Siku ya kuruhusiwa tukapewa aspirini zile ndogo, moja kwa siku mpaka wiki mbili zitimie. Nikaona sawa. Jana nampigia kijana ambaye mama yake alilala kitanda cha jirani: operesheni siku moja, umri karibu sawa, daktari tofauti. Wao wamerudi nyumbani na boksi la sindano, wanachomana wenyewe mpaka siku ya 14.

Shangazi yangu wa Korogwe naye kaja na lake. Kuna mzee kule kwao alibadilishwa goti, siku ya 11 anatoka bafuni akaanguka, hakuamka. "Damu iliganda mguuni ikapanda." Tangu asikie hivyo mama hataki kukunja goti, anasema atalitikisa donge.

Hatari hii ni kubwa kiasi gani kwa kweli? Na kwa nini wodi moja, dawa mbili? Wajuzi tiririkeni.

#2 Fundi Koki

Natandika mkeka hapa. Pole kwa mama mkuu.

#3 KisikiChaMpingo

Damu kuganda ni ugonjwa wa wazungu, wanakula siagi na kukaa kwenye viti vya kuzunguka. Babu zetu wamevunjika miguu wakafungwa mianzi, hakuna aliyekufa na donge. Mpe mama maji ya kitunguu saumu na tangawizi asubuhi na jioni, damu iwe nyepesi. Hospitali wanauza sindano.

#4 Nesi Mstaafu

Mkuu #3, hao babu waliokata kauli ghafla wiki ya pili, mguu bado una mianzi, mlisema wamerogwa. Nani aliwapasua kifua akaangalia mapafu?

Halafu si ugonjwa wa wazungu. Marekani watu weusi wanapata madonge haya zaidi ya weupe, walio nyuma ni watu wa asili ya China na Japani. Ipo hitilafu ya kurithi iitwayo Leiden, hiyo kweli ni ya wazungu, kwetu ni nadra. Ila na sisi tuna yetu: mtu aliyebeba kinasaba kimoja tu cha sikoseli, mzima wa afya, hatari yake ya donge la mapafuni iko juu kuliko asiyenacho.

Mleta mada, nimekaa wodi ya mifupa miaka 22. Kubadilisha goti na nyonga ni kati ya operesheni zinazoongoza kwa hili. Enzi ambazo wagonjwa hawakupewa kinga yoyote, watafiti walipowapiga picha ya mishipa wote, wenye dalili na wasio na dalili, walikuta donge kwa 40 hadi 60 katika kila 100. Usishtuke, mengi yalikuwa madogo ya kwenye shavu la mguu na yaliisha yenyewe bila mtu kujua. Siku hizi kwa dawa na kutembea mapema, wanaopata donge lenye dalili ni kama 1 hadi 3 kwa 100. Wanaokufa nalo ni wachache kwa mbali kuliko hapo. Mzee wa Korogwe anawezekana kabisa, lakini ndiye atakayesimuliwa mpaka Tanga mjini. Waliopona hawasimuliwi.

Kitunguu saumu kwenye mchuzi aendelee nacho. Hayo maji ya kuchemsha vikombe viwili juu ya aspirini, kidonda bado kibichi, ni kutafuta goti livilie damu.

Na akunje goti. Asiyekunja ndiye anayeganda.

#5 KisikiChaMpingo

Sawa sista. Ila kijijini kwetu sijawahi kusikia kesi hata moja.

#6 Babu wa Buguruni

Kijijini kwenu nani kabadilishwa goti?

#7 KisikiChaMpingo

Hakuna.

#8 MkimbiziWaBaridi

Niko Uingereza, nasaidia mafizio (wale wa mazoezi ya viungo) kwenye wodi ya mifupa. Mimi si daktari.

Kwa swali la wodi moja dawa mbili: mwongozo wa hapa wa mwaka 2018 kwa goti unampa daktari njia tatu. Aspirini siku 14, au sindano siku 14 pamoja na soksi za kubana, au kidonge cha rivaroksabani. Zote zimeandikwa ukurasa mmoja, achague kufuatana na mgonjwa. Kwa hiyo "nani kakosewa" jibu linaweza kuwa hakuna. Kwa nyonga ni tofauti kidogo, kinga inaendelea wiki kadhaa.

Kwa nini goti linagandisha: kanuni ni ya Mjerumani Rudolf Virchow, tangu 1856 inatajwa. Damu ikizubaa, mshipa ukijeruhiwa, au damu yenyewe ikiwa na tabia ya kuganda. Operesheni ya goti inaleta vyote vitatu kwa mpigo. Mguu umelala, mishipa ya nyuma ya goti imekunjwa na kuvutwa, na mwili unamimina vigandishi ili kidonda kifunge.

#9 Fundi Koki

Huyo Mjerumani alikuwa fundi bomba, msinidanganye. Ndiyo kazi yangu hiyo. Bomba linaziba kwa mambo matatu: maji yamesimama muda mrefu, mtu kalikwaruza ndani wakati wa kuunga, au maji ni ya kisima cha chumvi. Nikiitwa Mbezi nauliza hayo hayo.

Swali langu sasa. Bomba likiziba linaziba pale pale. Hili donge linasafirije mpaka mapafuni?

#10 Nesi Mstaafu

Bomba lako linatoka tangini na kuishia kwenye koki. Hizi veni zinarudisha damu juu kwenye moyo, na kila hatua zinazidi kupanuka: shavu la mguu, nyuma ya goti, paja, kinena, tumbo, moyo. Donge likibanduka halina pa kukwama mpaka livuke moyo upande wa kulia na kuingia mapafuni, ambako mishipa inaanza kuwa myembamba tena. Huko ndiko linakoziba. Kwa hiyo shangazi wa Korogwe hakukosea sana aliposema "ikapanda".

#11 BintiPangani

Mimi nitasema lililo moyoni hata kama litapingwa. Baba alifanyiwa goti Chennai. Kabla ya kupasua wanafunga mpira wa upepo pajani, wanaujaza mpaka damu isipite mguuni kabisa. Alikaa nao zaidi ya saa nzima. Siku ya nane shavu la mguu likavimba, kipimo kikaonyesha donge. Daktari mmoja akasema ni uzito (baba ana kilo 104), mwingine akasema ni kwa vile hakutembea siku mbili za kwanza, alikuwa anatapika. Hakuna aliyeutaja mpira. Mimi nasema ni mpira. Ukikunja bomba la bustani saa nzima halafu ukaachia, unategemea nini?

Tulikwama Chennai wiki tano zaidi, wakakataa asipande ndege. Gharama za hoteli acha tu.

#12 Takwimu Tupu

Binti #11, hoja yako haijapuuzwa. Mwaka 2020 ulitoka uchambuzi mkubwa wa Cochrane, wale wanaojumlisha tafiti za tiba, uliokusanya majaribio ya goti kwa mpira na bila mpira. Waliofungwa walipata matatizo makubwa mara nyingi zaidi, madonge yakiwamo kwenye hesabu. Ila madaktari wengi bado wanaupenda, kwa sababu damu ikijaa pale saruji ya kugandishia goti jipya haishiki vizuri kwenye mfupa, na goti linalolegea baada ya miaka michache nalo ni janga. Wapo walioacha, wapo wanaoufunga dakika chache tu wakati wa saruji.

Lakini kilo 104 nazo usizifiche chini ya mkeka wa Fundi Koki.

#13 BintiPangani

😂 Nimeelewa. Baba atasoma hapa, punguzeni.

#14 Mswahili wa Ruwi

Assalaam alaykum. Niko Muscat. Mama mkwe wangu anatarajia goti mwezi ujao, na muuguzi ametutajia sindano hizo hizo za tumboni. Nimesikia zinatokana na nguruwe. Ni kweli au ni maneno ya mitandaoni?

#15 Nesi Mstaafu

Waalaykum salaam. Ni kweli. Heparini, na hizi enoksaparini zilizotokana nayo, malighafi yake ni utando wa utumbo wa nguruwe. Inasafishwa sana, ila asili ndiyo hiyo. Mwambieni daktari mapema, msingoje siku ya operesheni. Vipo vidonge kama rivaroksabani ambavyo ni vya kutengenezwa maabara, na ipo sindano ya kutengenezwa pia.

#16 Tumbatu01

Wanazuoni wengi wameliruhusu kwa dharura, na wapo wanaosema kitu kikishageuzwa asili yake hukumu nayo inageuka. Lakini dharura ni pale mbadala ukikosekana. Kama kidonge kipo na daktari karidhia, mama mkwe ameze kidonge na moyo wake utulie. Aulize shekhe wake, si uzi huu.

#17 KisikiChaMpingo

Subirini kwanza. Kwa hiyo mimi ninayekula kitimoto kila Jumamosi damu yangu haigandi?

#18 Nesi Mstaafu

Ungekula hata utumbo wote. Heparini ikimezwa haipiti kuingia kwenye damu, ndiyo maana ni sindano. Kitimoto chako kinakupa kilo tu, na kilo ni hatari ya donge.

#19 Babu wa Buguruni

Mkishangaa nguruwe mtashangaa na panya. Warfarini, dawa kongwe ya moyo, ilianza kama sumu ya panya. Ng'ombe wa Marekani walikuwa wanavuja damu mpaka kufa kwa kula majani yaliyooza ghalani. Wataalamu wa Wisconsin wakakichimba kitu chenyewe, 1948 kikatoka kama sumu ya panya, 1954 kikaruhusiwa kwa binadamu. Mwaka uliofuata Rais Eisenhower akapata shambulio la moyo, akapewa. Toka hapo nani angeikataa?

#20 MlaKisamvu

Babu usinikumbushe. Nimekunywa warfarini miezi sita kwa donge la paja. Kila wiki naenda kuchomwa kidole kupima INR, namba ya damu inachelewa kiasi gani kuganda, iwe kati ya 2 na 3. Wiki nikila mchicha na kisamvu inashuka, wiki nikisafiri nikala chipsi inapaa. Mwisho daktari akaniambia: "Sijakukataza mboga, nimekukataza kubadilisha. Kula bakuli lile lile kila siku." Mke wangu akanunua bakuli la plastiki la kijani, likawa la INR. Mpaka leo hakuna anayelitumia kwa kitu kingine.

Hizi za kisasa hazina shida hiyo ya mboga. Shida yake ni mfuko.

#21 Mkulima wa Nakuru

Mimi ni mgeni kutoka ng'ambo ya Namanga, hamjambo.

Nataka niwape kisa kinachoharibu hesabu zote. Mama mkwe wangu alipata sindano siku zote 14, hakukosa hata moja, mimi ndiye nilikuwa nawekea alama kwenye kalenda. Soksi alivaa. Alitembea mpaka kwa zizi. Siku ya 16 akaanza kuhema akiwa ameketi tu, na kichomi upande mmoja. Sisi tukasema ni baridi ya Julai, tukampa chai ya tangawizi. Usiku mapigo ya moyo yakawa yanakimbia, tukambeba. Picha ya mapafu ya kile kimashine cha CT ikaonyesha madonge pande zote mbili.

Yuko hai, anachunga mbuzi na ananituma. Lakini sindano alipata zote. Kwa hivyo mkisema sindano ni bora kuliko aspirini, mimi nanyamaza tu.

#22 Takwimu Tupu

Pole mkuu #21. Kinga inapunguza, haifuti. Na kwa goti madonge mengi hujitokeza ndani ya wiki mbili tatu za kwanza, mgonjwa akiwa kashafika nyumbani. Ndiyo maana yanatupata sisi ndugu, si madaktari.

Sasa aspirini dhidi ya sindano, kwa sababu hapa ndipo mleta mada aliposimama. Kuna majaribio mawili makubwa yanavutana.

Canada, 2018, wagonjwa zaidi ya 3,400 wa nyonga na goti. Wote walianza rivaroksabani siku tano, kisha nusu wakaendelea nayo na nusu wakahamia aspirini. Matokeo karibu sawa, chini ya 1 kwa 100 pande zote.

Australia, 2022, zaidi ya 9,000. Hapa aspirini ilianza tangu mwanzo, ikashindana na sindano za enoksaparini. Ndani ya siku 90 waliopata donge lenye dalili upande wa aspirini ni 3.45%, upande wa sindano 1.82%. Aspirini ilishindwa kuthibitisha kwamba inalingana.

Mama yake MgetaJuu yuko katikati: sindano siku nne, kisha aspirini. Anafanana na Canada zaidi kuliko Australia.

#23 MkimbiziWaBaridi

Anafanana, hafanani. Canada ilikuwa kidonge siku tano, si sindano siku nne. Na ya Australia ongeza kwamba sehemu kubwa ya ile tofauti ilikuwa madonge ya chini ya goti, yale ambayo madaktari wenyewe wanabishana kama yatibiwe au yaangaliwe tu.

#24 Takwimu Tupu

Donge la chini ya goti likikua linapita goti. Usilifanye dogo.

#25 MkimbiziWaBaridi

Na sindano ikizidi goti linajaa damu, linakakamaa, linarudishwa chumba cha upasuaji. Daktari wa mifupa anaogopa hilo kama daktari wa moyo anavyoogopa donge. Kila mmoja anakuandikia dawa kufuatana na mgonjwa aliyewahi kumpoteza.

#26 Babu wa Buguruni

Hiyo ya mwisho nimeielewa kuliko namba zote.

#27 MgetaJuu

Wakuu nimesoma yote, asanteni. Ila leo asubuhi mambo yamebadilika. Shavu la mguu ule wa operesheni limevimba tangu usiku, limekuwa gumu, la moto kidogo, na kuna wekundu wa zambarau unashuka mpaka kwenye kifundo. Anapumua vizuri. Shangazi amefika na basi la alfajiri kutoka Korogwe, amekuja na mama mmoja mchuaji, tayari wanachemsha maji na mafuta ya nazi. Nizuie au niache?

#28 Nesi Mstaafu

ZUIA. ASICHULIWE, ASIKANDWE. Kama ni donge, mkono wa mchuaji ndio utakaolibandua. Mpeleke apigwe ultrasaundi ya mishipa ya mguu, ile ya Dopla, LEO. Akianza kuhema, kifua kuchoma, kukohoa damu au kizunguzungu, mkimbize pale penye mashine ya oksijeni, msipitie kwa mtu.

#29 BintiPangani

Zuia kaka. Mguu wa baba ulianza hivyo hivyo.

#30 KisikiChaMpingo

Mimi nimekuwa nikibisha hapa lakini hili siwezi kubisha. Nenda. Ila usipanike, kaka yangu alivimba mpaka kidoleni baada ya kuwekewa vyuma na ilikuwa damu ya kidonda imeteremka tu.

#31 Nesi Mstaafu

Kisiki leo umesema kweli, na hilo ndilo linalotutesa. Mguu uliobadilishwa goti unavimba kwa wiki nyingi, na michubuko inateremka kwa uzito wake mpaka kifundoni. Kwa macho huwezi kutofautisha. Zamani tulifundishwa kuukunja unyayo juu, akilia basi ni donge. Bure kabisa, wenye donge walinyamaza na wasio nalo wakalia. Kuna kupima kwa tepu ya fundi cherehani, sentimita 10 chini ya kile kinundu cha mbele ya goti, mguu huu na ule, ikizidi sentimita 3 wasiwasi unaongezeka. Lakini mguu uliopasuliwa siku zote ni mnene, kwa hiyo tepu isikuzuie kwenda.

Wakitaka kumpima damu ile ya D-dimer, inayotafuta mabaki ya damu iliyoganda, uliza kwanza. Baada ya operesheni huwa iko juu tu.

#32 MgetaJuu

Tuko kwenye bajaji. Nitarudi.

#33 Fundi Koki

Mungu awatangulie. Tunasubiri hapa hapa mkekani.

#34 Babu wa Buguruni

Tukiwa tunasubiri: Binti #11, mlivyokatazwa ndege, ni hewa ya ndege au ni kukaa?

#35 BintiPangani

Walisema kukaa. Magoti yamekunjwa saa sita hadi Dar, ukihesabu na kuunganisha ndege ni zaidi, na maji hunywi kwa sababu choo ni mbali.

#36 MkimbiziWaBaridi

Hapa wengi wanashauri safari ndefu ya ndege isubiri angalau wiki sita, wengine miezi mitatu. Na si ndege tu. Mwaka 1940 London ilipokuwa inapigwa mabomu, watu walilala wamekaa kwenye mahandaki usiku kucha. Daktari mmoja wa kuchunguza maiti, Keith Simpson, akaona vifo vya donge la mapafuni vinaongezeka kwa watu waliotoka mahandakini. Hakukuwa na ndege wala operesheni, ni kiti tu.

#37 KisikiChaMpingo

Basi la Dar–Bukoba je?

#38 MkimbiziWaBaridi

Hilo ni handaki lenye magurudumu.

#39 MlaKisamvu

Na Serena Williams, mcheza tenisi? Yule si wa kukaa. Alikanyaga vioo 2010, akapasuliwa mguu, 2011 donge mapafuni. Mtu ana misuli kama ile! Mimi donge langu lilikuja bila operesheni, bila ndege, bila uzito. Daktari akaandika "sababu haijulikani". Nimeitazama ile karatasi miezi sita.

#40 Tumbatu01

Bibi zetu wakisema damu nzito. Nyie mnasema vigandishi. Labda mnasema kitu kimoja.

#41 Nesi Mstaafu

Si kimoja. "Damu nzito" mtu anadhani akinywa maji mengi imekuwa nyepesi. Na hizi mnazoziita dawa za kuyeyusha damu haziyeyushi chochote. Zinazuia donge lisiongezeke, na mwili wenyewe ndio unalimeng'enya polepole. Za kuyeyusha zipo, tunazitoa mtu akiwa anakata roho, na mgonjwa aliyepasuliwa juzi ukimpa unaweza kummaliza kwa kuvuja.

#42 Mkulima wa Nakuru

Hiyo ndiyo walibishania kwa mama mkwe, kumpa au kutompa. Hawakumpa.

#43 MgetaJuu

Nimerudi wakuu. Saa saba kasoro za usiku, mama kalala.

Ultrasaundi imefanyika saa kumi jioni. Kuanzia kinena mpaka nyuma ya goti mishipa inabonyea vizuri, hakuna donge. Shavu la mguu mpigaji picha kasema halionekani vyema kwa sababu ya uvimbe. Nyuma ya goti kuna kama kifuko cha maji, kimepasuka au kinavuja kuteremka chini.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Daktari wa zamu kasema ni kifuko hicho kimepasuka, kinaiga donge kila kitu, lakini kwa kuwa shavu halikuonekana yeye angempa sindano mpaka kipimo cha pili. Tukampigia aliyempasua, akasema ni damu ya operesheni imeteremka, sindano zitamjazia goti, aendelee na aspirini na mazoezi. Wote wawili wamekubaliana jambo moja tu, turudi baada ya wiki moja apimwe tena.

Nimeuliza sasa nifuate ya nani. Daktari wa zamu kasema mwenye mgonjwa ni aliyempasua. Tumerudi na aspirini.

#44 Takwimu Tupu

Kurudia baada ya wiki ndiyo kawaida shavu lisipoonekana. Kama kadonge kapo huko chini na kanakua, katakuwa kamefika panapoonekana.

#45 BintiPangani

Mimi ningeomba sindano.

#46 MkimbiziWaBaridi

Na mimi ningebaki na aliyempasua. Ameliona goti kwa ndani.

#47 Nesi Mstaafu

Mimi ningemwomba daktari wa tatu, kusema kweli. Halafu naye angesema la tatu. Lala mwanangu. Kesho akanyage kifundo juu chini mara kumi kila saa akiwa macho, anywe maji, atembee mpaka mlangoni na kurudi. Hayo hakuna daktari anayeyapinga.

#48 KisikiChaMpingo

Je, mama anakunja goti sasa au bado anaogopa kulitikisa?

#49 MgetaJuu

Anakunja. Kasema kama picha haikuliona donge basi na yeye halioni. Kafika kama nyuzi 70, fizio alitaka 90.

Tatizo lililobaki ni mama mchuaji. Yuko sebuleni tangu asubuhi, kala mara tatu, kasema haondoki mpaka alipwe kazi aliyoitiwa pamoja na nauli ya Korogwe. Shangazi naye kaniambia nimemdhalilisha mgeni wake.

#50 Fundi Koki

Mwambie akuchue wewe.